Tambarare si Mteremko

Natumai chai umekwisha kunywa, watoto wamekwisha kugombania ukurasa wa vibonzo, na sasa gazeti limekufikia wewe. Leo sitakuzungumzia karo za shule wala jirani anayefungulia redio usiku wa manane. Leo nataka tukimbie. Usiogope, utakimbia ukiwa umeketi kitini.

Kila ifikapo Desemba, mabasi yatokayo Nairobi, Nakuru na Mombasa hujaa watu wa mjini wanaorudi nyumbani Homa Bay na Migori. Wapo wanaokwenda kula sikukuu, wapo wanaokwenda kuezeka nyumba ya mama, na siku hizi wapo wanaokwenda kukimbia. Naam, kukimbia. Mbio ndogo ndogo za vijijini zimekuwa mtindo: leo ni za kuchangia ujenzi wa darasa, kesho ni za kuwahimiza watu wapimwe ukimwi, keshokutwa ni za bwana mmoja anayetafuta kura kabla ya wakati wake. Nyingi huwa za kilomita 10. Chache, ama kwa ujasiri ama kwa kutojua, hutangaza marathoni kamili, yaani kilomita 42 na mita 195.

Mimi si mtu wa huko. Dada yangu ndiye aliyeolewa Karachuonyo, na kwa sababu hiyo mimi ni shemeji wa kila mtu kuanzia Kendu Bay hadi Homa Bay. Desemba iliyopita nilikwenda kumsalimia, na mwanawe wa pili, mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Nairobi, akanijia na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa tangazo la mbio.

"Mjomba, nimejiandikisha," akasema.

"Za kilomita ngapi?"

"Arobaini na mbili. Lakini huko ni tambarare tupu, hakuna hata kilima. Huo ni mteremko!"

Msomaji, huenda nawe ungesema vivyo hivyo. Kijana ana miaka 21, anacheza mpira wa kikapu, ana miguu kama ya korongo. Hata mimi nilitikisa kichwa kukubali. Baadaye ndipo nilipofikiri kwamba kilomita 42 ni kama kutoka katikati ya Nairobi mpaka Thika. Ni nani kati yetu, matatu ikiharibika pale Pangani, angesema, "Haidhuru, acha nikimbie mpaka Thika, barabara haina vilima"?

Mbio zenyewe sitazitaja jina. Walioziandaa ni watu wema, na yaliyotokea hayakuwa makosa yao peke yao.

Mahali ni ile nchi iliyolala kati ya Kendu Bay na Homa Bay, penye mifereji ya umwagiliaji ya Kimira na Oluch, mahindi huku, matikiti maji kule, na mbele ya macho Mlima Homa umesimama peke yake kama mzee aliyekataa kuketi. Ziwa liko karibu. Huko huko Kendu Bay liko lile ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambalo wenyeji husimulia kwamba zamani lilikuwa kijiji, kikazama kwa sababu watu wake walimnyima ajuza mmoja chakula na mahali pa kulala. Mtoto yeyote wa pale anaijua hadithi hiyo, na nadhani ndiyo sababu mgeni hawezi kupita boma la mtu bila kuulizwa kama amekunywa maji. Likumbuke jambo hilo la maji, tutalirudia.

Tulikusanyika katika uwanja wa shule kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, jua halijachomoza. Wakimbiaji walikuwa sitini na kitu. Nambari zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya vipande vya karatasi ngumu, zikafungwa kifuani kwa pini. Viatu vilikuwa vya kila aina: raba za mtumba, viatu vya mpira wa miguu vilivyokatwa meno, akala za tairi la gari, na wawili walikuwa miguu mitupu. Kabla hujawacheka hao wawili, kumbuka kwamba Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki kule Roma mwaka 1960 bila kiatu. Lakini Bikila alikuwa juu ya mawe na lami ya Roma, hakukutana na miiba ya mgunga.

Njia ilipimwa na kijana wa bodaboda aliyesoma mita ya pikipiki yake. Katika mbio kubwa, mpimaji hupanda baiskeli iliyowekewa kihesabio gurudumuni, na huongeza mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikapungua. Hapa hapakuwa na haja ya ushahidi wa namna hiyo. Mtu alikwenda kilomita kumi na kidogo, akapewa utepe mwekundu, akarudi. Akaenda tena, akapewa utepe wa bluu, akarudi. Ukifika na tepe zote mbili umemaliza. Mwamuzi alikuwa na saa moja ya mkononi, na alikuwa ameifunga kwenye kidole kwa kamba ili isimponyoke. Zawadi ya kwanza ilikuwa mbuzi, ambaye alikuwa amefungwa hapo hapo karibu na mstari, akitutazama sote kwa dharau.

Mimi mwenyewe, kwa tumbo hili nililo nalo, nilipanda nyuma ya pikipiki nikiwa na machungwa na chupa za maji. Kazi yangu ilikuwa kumhudumia mpwa wangu. Kwa hiyo niliona mengi.

Niliyoyaona kwanza ni kwamba tambarare humdanganya mtu. Kilomita kumi za mwanzo kila mmoja alikuwa bingwa. Upepo mdogo wa asubuhi ulikuwa bado unavuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani, baridi kidogo, ndege wanaimba, kina mama wanapiga vigelegele, watoto wanapaza sauti "Ringi! Ringi!" yaani kimbia, kimbia. Mpwa wangu alikuwa katika kundi la mbele, akinipungia mkono kama mgombea wa ubunge. Njia ya vilima ina huruma moja: kilima cha kwanza humwambia mtu ukweli mapema. Humpunguza mwendo atake asitake. Tambarare haisemi kitu. Inakuacha uende mwendo usio wako kwa saa moja na nusu, kisha ndipo inakuletea hesabu yake, na riba juu.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa miaka arobaini na kitu ambaye amekimbia mbio kama hizo mara kadhaa, alinieleza baadaye jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. "Shemeji," alisema, "kwenye kilima unapanda kwa misuli hii, unashuka kwa misuli ile. Moja ikifanya kazi, nyingine inapumzika. Hapa ni ile ile, hatua ile ile, kuanzia asubuhi mpaka mwisho. Ni kama kutwanga mahindi kwa mkono mmoja." Yeye hupita kwa kuhesabu nguzo za umeme. Anakimbia nguzo tisa, anatembea moja. Vijana walimcheka pale mwanzo.

Mkata miwa kutoka Awendo, kule Migori kwenye kiwanda cha sukari, alikuwa na malalamiko mengine. Aliniambia kwamba kilichomtesa ni macho. "Unaona mti kule mbele. Unakimbia, unakimbia, mti uko pale pale. Kwenye miwa nikikata mstari naona nyuma yangu nimeacha nini." Na mama mmoja anayeuza omena, ambaye kila siku hutembea na beseni kichwani kutoka ufuoni hadi sokoni na kurudi, alikimbia na leso kiunoni, hakuharakisha hata mara moja, wala hakusimama. Nilipomuuliza kama alichoka, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Leo sikubeba kitu," akasema.

Sasa nijibu swali ambalo najua mwanafunzi fulani analo ulimini. Kama tambarare ni ngumu hivyo, mbona rekodi huwekwa kwenye tambarare? Ni kweli. Eliud Kipchoge aliposhuka chini ya saa mbili kule Vienna, tarehe 12 Oktoba mwaka 2019, alikimbia kwenye barabara ya bustani iliyonyooka na kulala kama meza, akamaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Kelvin Kiptum, marehemu, alikimbia saa 2 na sekunde 35 kule Chicago mwaka 2023, na Chicago nayo ni bapa. Lakini tazama vizuri. Vienna walichagua asubuhi ya baridi ya Oktoba, wakampa Kipchoge wakimbiaji 41 wa kupokezana kumkinga upepo, na maji yakamfikia kwa baiskeli. Hiyo ndiyo sababu hata haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Na wote wawili walikuwa wamejifua kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na damu hujizoesha kubeba oksijeni nyingi zaidi. Ukitoka huko ukashuka chini penye ubaridi, unakuwa kama mtu aliyetua mzigo.

Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya bahari. Iten ni karibu mita 2,400. Kwa hiyo kijana wa ziwani hana ile faida ya mlima, na wakati huo huo analo joto. Ndiye aliyeshinda mbio zile, kwa njia, kijana wa Kikuria kutoka upande wa Kehancha, kwenye nchi ya juu ya Migori. Alifika mbele kwa zaidi ya dakika kumi, akamwaga ndoo nzima ya maji kichwani kabla hata ya kumtazama mbuzi wake. Aliniambia pumzi haikumsumbua hata kidogo. "Lakini jua la hapa, mzee! Ningeambiwa niongeze kilomita mbili, mbuzi mngemla nyinyi."

Kuna watu wanaopenda kusema kwamba kabila fulani ni la mbio na fulani ni la mpira. Mimi huwa nasikiliza tu. Ni kweli kwamba ukitaja ziwani watu hukumbuka Gor Mahia na lile Kombe la Washindi wa Afrika la mwaka 1987. Lakini dhahabu ya kwanza kabisa ya Kenya katika Olimpiki haikutoka Bonde la Ufa kwa kina Keino. Aliileta Naftali Temu, Mkisii, jirani wa hapo tu. Na Kisii enzi za mkoloni ndiyo iliyokuwa makao makuu ya wilaya ya South Kavirondo, iliyokusanya pamoja na nchi hii tunayoizungumzia. Huko Mexico mwaka 1968 Temu alishinda mita 10,000 tarehe 13 Oktoba, akapata shaba ya mita 5,000 tarehe 17, na tarehe 20 akajitosa katika marathoni, akamaliza wa 19. Yote hayo katika wiki moja. Siku hizi mwanariadha akifanya hivyo meneja wake atazimia.

Turudi kwenye joto, kwani hapo ndipo penye jambo.

Mwili unapokimbia ni kama injini mbovu: karibu robo tatu ya nguvu unayochoma haikusogezi mbele, inageuka moto ndani yako. Moto huo hutolewa kwa jasho, na jasho halipozi kwa kutoka. Hupoza kwa kukauka. Karibu na ziwa hewa ina unyevu mwingi, kwa hiyo jasho linatiririka tu, haliendi popote. Kila mtu analowa na kila mtu anazidi kuiva. Usidhani hilo ni tatizo la wanagenzi pekee. Mwaka 2019 katika mashindano ya dunia kule Doha, marathoni ya wanawake ilianzishwa usiku wa manane ili kulikwepa jua, na bado kati ya wakimbiaji 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Aliyeshinda alikuwa Mkenya, Ruth Chepngetich (naam, huyo huyo aliyefungiwa mwaka 2025, hayo tutayazungumza siku nyingine), kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 43. Januari ya mwaka huo huo, kule Dubai, alikuwa amekimbia kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 8. Miguu ni ile ile. Joto lilimla dakika kumi na tano.

Sasa mpwa wangu. Alifika nusu ya njia kwa saa moja na dakika arobaini hivi, bado anatabasamu. Ilikuwa yapata saa mbili asubuhi. Saa tatu jua lilikuwa limekwisha kuuma. Nilimpa chungwa kwenye kilomita ya 27, akalipokea, akalishika tu mkononi. Sikuelewa. Kwenye kilomita ya 30 alianza kukata kona mahali pasipo na kona. Kisha akasimama mbele ya ng'ombe wa mtu aliyekuwa akila majani kando ya njia, akamwamkia kwa Kiingereza, kwa heshima kabisa. Kijana wa pikipiki akacheka. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka. Hatua ishirini mbele akaanguka.

Msomaji mzazi, hapa nakuomba usome polepole. Kuchoka si kuweweseka. Mkimbiaji aliyechoka hulalamika, huketi, hutukana waliomwandikisha. Mkimbiaji anayesema maneno yasiyoeleweka, anayeyumba, anayekataa kwamba kuna kitu, huyo ubongo wake unapata moto, na kila dakika ina thamani. Ngozi yake ilikuwa ya moto kama sufuria. Na alikuwa bado anatoka jasho; wengi wetu tulifundishwa kwamba aliyepigwa na joto hukauka, lakini kwa mkimbiaji si lazima.

Mimi na yule kijana tulitaka kumpakia kwenye pikipiki, tumweke katikati yetu, tumkimbize kituo cha afya. Kilikuwa umbali wa karibu nusu saa kwa njia ile ya udongo mweusi. Hapo ndipo yule mwalimu wa nguzo za umeme alipotufikia, kwani mwendo wake wa pole ulikuwa unawakuta vijana mmoja mmoja. Alipiga ukelele: "Mnampeleka wapi na moto huo? Apozwe kwanza!" Alikuwa amewahi kupata mafunzo ya huduma ya kwanza. Tukamburura mpwa wangu chini ya mkuyu.

Na chini ya mkuyu ule, kwa bahati ambayo mpaka leo nikiifikiria nanyamaza, alikuwa ameketi mama mchuuzi wa samaki, anangoja gari la kumpeleka sokoni, na sanduku lake limejaa ngege na barafu. Mwalimu hakumaliza hata kumweleza. Mama yule alifungua sanduku, akamwaga samaki wake juu ya gunia, akaanza kutujazia barafu kwa mikono yake miwili. Shingoni, makwapani, mapajani. Watoto wakatumwa na mitungi mferejini. Tulimlowesha mwili mzima, kina mama wawili wakampepea kwa leso, mwingine akamvua viatu. Barafu ilinuka samaki. Baada ya robo saa, pengine zaidi, kijana akafumbua macho akauliza kwa nini ananuka hivyo.

Ndipo tukampeleka. Kipimajoto cha kituo cha afya kilisoma 39.2, baada ya barafu yote ile. Tabibu aliyetupokea, kijana mdogo tu, alimtazama mwalimu akamwambia kwamba kama tungempakia vile alivyokuwa, pengine angefika na figo zimeharibika, pengine asingefika. Alisema neno moja ambalo nimelibandika ukutani kwangu: poza kwanza, safirisha baadaye.

Kisha akauliza maswali mawili. La kwanza: "Ameugua malaria karibuni?" Dada yangu, ambaye alikuwa amefika mbio bila viatu, akaweka mkono mdomoni. Kijana alikuwa amemaliza vidonge vyake vya siku tatu Jumanne. Mbio zilikuwa Jumamosi. Aliona homa imeshuka, akaona amepona. Mama naye aliona anakula vizuri. Lakini malaria huvunja chembe nyekundu za damu, na damu haijazwi kwa siku nne kama tangi la petroli. Kule ziwani malaria huzoeleka kiasi kwamba watu huitaja kama mafua. Aliyetoka kuugua hana haki ya kusimama kwenye mstari wa marathoni, hata kama amelipia, hata kama marafiki wamekuja kumtazama.

Swali la pili: "Kwao kuna selimundu?" Mimi, mjomba mtu, sikujua. Nilidhani ni ugonjwa wa wale watoto wanaolazwa kila mara, na kama mtu hajawahi kulazwa basi hana. Tabibu alitufafanulia kwamba yuko mgonjwa, na yuko anayebeba chembechembe ya mzazi mmoja tu bila kuugua. Wabebaji ni wengi kandokando ya ziwa kwa sababu hali hiyo ilimkinga mtu dhidi ya malaria kali kwa vizazi na vizazi. Wengi hukimbia, hucheza, huzeeka salama. Lakini kwenye joto kali, mwili ukiwa umekauka maji na mtu akijisukuma kupita kiasi, mbebaji anaweza kuanguka ghafla, na mkojo wake ukawa mweusi kama koka. Kijana alipimwa tuliporudi Nairobi. Anabeba. Miaka 21, na hakuna aliyewahi kupima. Gharama yake si ya kumtisha mzazi aliyelipa karo ya chuo. Kama asili yenu ni huko, au Pwani, au Magharibi, na mtoto wako ni mwanamichezo, uliza.

Kuhusu maji, neno moja, kwani najua mtu atamwandama mwanawe na jeri la lita tano. Maji nayo yana kipimo. Mwaka 2002 katika marathoni ya Boston wataalamu walipima damu ya wakimbiaji 488, wakakuta asilimia 13 chumvi ya damu yao imeshuka, hasa kwa kunywa kupita kiasi, na msichana mmoja alikufa katika mbio hizo. Kunywa kiu inapokuja. Hao waliokimbia vizuri pale Karachuonyo walikuwa wanapiga mafunda mawili matatu kila penye boma, maji mengine wanajimwagia kichwani. Na maji yalikuwapo, msomaji. Waandaaji walikuwa na meza tatu tu njia nzima, lakini kila boma lilikuwa limetoa mtungi na kikombe langoni, bila kuambiwa na mtu. Nilikwambia watu wale wanaijua hadithi ya Simbi.

Tulirudi uwanjani saa nane mchana kuchukua mfuko wa kijana. Turubai lilikuwa linashushwa, na mwamuzi alikuwa ameketi juu ya debe, saa bado imefungwa kidoleni. Tulimuuliza anangoja nini. "Kuna mmoja hajafika," akasema.

Alikuwa mvuvi wa Nyatike, Migori, mtu wa miaka hamsini na kitu. Alifika anatembea, tepe zote mbili zimefungwa kwenye kifundo cha mkono. Saa nane kasoro chache juu ya njia. Mwamuzi alisimama, akabonyeza saa, akaandika. Mzee yule alituambia hadharani, bila hata kupunguza sauti, kwamba anaishi na virusi tangu mwaka 2007, kwamba mwaka huo alipimwa akiwa anabebwa na ndugu zake kwenye kiti, na kwamba tangu hapo kila mwaka hutafuta jambo la kumaliza kwa miguu yake mwenyewe. Mnamo mwaka 2018 uchunguzi wa kitaifa ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya watano katika Homa Bay anaishi na virusi. Mwamuzi, nilivyomwona, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alimletea mzee nyoyo kwenye sahani, mahindi na maharagwe, vikiwa bado moto. Nikamkumbuka yule Mtanzania wa Mbulu, John Stephen Akhwari, aliyeingia uwanjani Mexico mwaka ule ule wa Temu, goti limefungwa bendeji, wa 57 na wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi Mamo Wolde. Nilikuwa nikidhani mambo kama yale hutokea kwenye Olimpiki tu.

Mwalimu naye hakumaliza. Alipoteza karibu saa nzima chini ya mkuyu, kisha akasema miguu imeganda. Yule mama wa samaki aliuza ngege wake kwa nusu bei jioni ile. Tulipompelekea fedha alikataa, tukamwachia shemeji yangu atafute njia. Sijui kama ameipata.

Sasa kijana amerudi chuoni, amepona, na ana wazimu mpya. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakimbia kilomita 8, anaandika kwenye daftari. Anataka Desemba hii arudi. Mama yake amesema labda juu ya maiti yake. Mimi nimeambiwa nimsihi mama, na wakati huo huo mama ameniambia nimkanye kijana. Nimempa masharti: miezi minne ya mazoezi kamili, si wiki mbili, kilomita ziongezwe kidogo kidogo, apimwe malaria wiki ya mwisho na matokeo nionyeshwe mimi, si marafiki zake, na akimbie nusu, kilomita 21, nyuma ya yule mwalimu, asimpite hata nguzo moja. Amekubali yote, isipokuwa hilo la nusu bado tunavutana.

Mama yake alimnyang'anya viatu akaniletea mimi nivifungie. Viko kwangu, chini ya kitanda. Lakini kila Jumamosi alfajiri kijana hupita kuvichukua, na dada yangu, ambaye hulisoma gazeti hili, sasa amekwisha kujua.